Chumvi ya Kulainisha Maji: Kisa cha Mgonjwa wa Figo kati ya Hospitali ya Kaunti na Kituo Binafsi

Mgonjwa ni mama wa miaka 47, mchuuzi wa omena katika soko la Luanda, Kaunti ya Vihiga, Kenya. Presha alikuwa nayo miaka kumi, na dawa alimeza pale tu kichwa kilipomgonga. Alipofikishwa hospitalini miguu ilikuwa imevimba, pumzi inamkatika akilala chali, kreatinini, uchafu wa damu ambao figo hutakiwa kuutoa, imefika 1,150 na potasiamu 6.8. Potasiamu ikipanda hivyo moyo unaweza kusimama bila kupiga hodi. Akatiwa katheta, mpira wa kupitishia damu, pajani na kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu usiku uleule, kwa saa mbili tu na damu ikizungushwa polepole, kwa sababu mgonjwa mpya akisafishwa damu haraka ubongo huvimba. Akapona shida ya usiku huo. Figo hazikurudi.

Huyu mama si mtu mmoja. Kisa kimeshonwa kutokana na mambo yanayojirudia katika vyumba vya kusafisha damu vya ukanda wa ziwa na magharibi, na kwa hiyo hospitali mbili zinazohusika tutaziita A na B. A ni ya kaunti. B ni kituo binafsi mjini Kisumu, ghorofani, chenye viti 12. Tumechagua dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, kwa makusudi. Ubishi wa kama afya iendeshwe na serikali au iachiwe wenye mitaji huwa mkali kwa kuwa kila upande hutoa mfano wake: huyu anataja upasuaji wa moyo, yule chanjo ya watoto. Hapa ugonjwa ni uleule, mashine ni zilezile, kipindi ni kilekile cha saa nne, na anayelipa ni mmoja. Kinachobadilika ni mwenye mlango.

Tuanze na anayelipa. Tangu Oktoba 2024 NHIF, bima ya zamani ya afya ya taifa, imetoweka na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imeshika mahali pake. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mchuuzi wa omena hana pa kukatwa, kwa hiyo anajibu maswali kuhusu nyumba na maisha yake, mfumo unamkadiria, kisha anatakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kipindi kimoja cha dayalisisi SHA hulipa 10,650, kutoka 9,500 za enzi za NHIF. Vipindi viwili kwa wiki ni 104 kwa mwaka, sawa na shilingi 1,107,600. Gawanya kwa 3,600: inahitaji watu 308 wanaolipa kima cha chini, wote wasiugue hata mafua mwaka mzima, ili mama mmoja wa Luanda abaki hai.

Kwa hiyo anayesema B ni "soko huria" akumbuke kwamba B, kwa mgonjwa huyu, anaishi kwa pesa za umma kama A. Mnunuzi ni mmoja, wauzaji ni wawili. Swali linalobaki ni hili: kitu kikiharibika, nani anaumia mfukoni? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua jinsi mgonjwa anavyohudumiwa, kuliko kibao kilichoandikwa langoni.

Mashine tano, zinazozunguka mbili

Hospitali A ilipata mashine tano kupitia mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu ulioanza 2015. Serikali ya kitaifa ilifunga mikataba na kampuni za nje, vifaa vikapelekwa katika hospitali 98 nchini, na gharama ikawa inakatwa kwenye fungu la kila kaunti: kwanza shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye milioni 200. Magavana walilalamika kwamba wanakatwa pesa kwa mikataba wasiyoisoma. Seneti ikaunda kamati kuuchunguza. Ukaguzi ulikuta vifaa vimekaa kwenye maboksi kwa sababu hospitali haikuwa na maji, au stima ya kutosha, au mtu aliyefundishwa kuviendesha. Penye miti hapana wajenzi.

Katika A maboksi yalifunguliwa, wauguzi wakafunzwa, chumba kikapakwa rangi. Mwaka wa kwanza mashine zote tano zilifanya kazi. Mgonjwa wetu alipofika zilikuwa zinazunguka mbili. Familia iliambiwa "mashine zimeharibika". Mashine hazikuwa zimeharibika. Kilichokwama kilikuwa maji, na hapa inafaa kwenda polepole, kwa kuwa ndipo kisa chote kilipo.

Mashine ya dayalisisi hupitisha maji ya dawa mililita 500 kila dakika upande wa pili wa kichujio kilichobeba damu. Kwa saa nne ni lita 120. Maji hayo hayanywewi, yanagusana na damu kupitia utando mwembamba, kwa hiyo lazima yawe safi kuliko maji ya chupa. Yanapita kwanza kwenye kichujio cha mchanga na tope, kisha tangi la kulainisha ambalo hunasa chokaa, kisha matangi mawili ya mkaa yanayonyonya klorini, na mwisho kwenye utando wa RO, chujio laini kuliko yote, unaokamua takriban nusu ya maji yawe safi na kumwaga nusu nyingine. Kwa kila mgonjwa basi hospitali inahitaji karibu lita 240 za maji ya bomba au kisima.

A hutumia kisima chenye maji magumu. Tangi la kulainisha husafishwa usiku kwa maji ya chumvi. Chumvi ikikosekana, punje zilizomo tangini hushiba chokaa na kuacha kuinasa. Chokaa hiyo inakwenda kugandamana kwenye utando wa RO, kama inavyoganda ndani ya sufuria ya kuchemshia maji ya chai. Mashine tano zikifanya kazi pamoja zinataka lita 150 za maji safi kwa saa. Utando ulioziba ulikuwa ukitoa lita 70. Mashine mbili zinakula 60. Hesabu imeisha.

Sasa, chumvi yenyewe ni magunia machache kwa mwezi. Ni bidhaa ndogo kabisa katika bajeti ya chumba kile, na pengine ndiyo sababu ilisahaulika. Haiko kwenye orodha ya dawa, kwa hiyo bohari ya dawa haiijui. Si kipuri, kwa hiyo mkataba wa matengenezo hauigusi. Fundi aliandika ombi. Ombi likaenda kwa msimamizi, kisha idara ya ununuzi, kisha likangoja kibali cha matumizi. Fundi akanunua magunia mawili kwa pesa yake, akarudishiwa baada ya muda mrefu, akaapa kutonunua tena. Utando ulipoziba, bei ya kuubadilisha ikawa mara nyingi ya bei ya chumvi, na muuzaji akasema hataleta hadi deni la zamani lilipwe.

Je, kuna aliyeumia mfukoni? Mishahara ililipwa. Kiti kilichokaa bure hakikumgharimu mtu yeyote ndani ya jengo lile. Hii ndiyo kasoro ya uendeshaji wa umma katika hali yake halisi, na haitokani na uvivu wa wauguzi kama watu wanavyopenda kusema. Wauguzi wa A walikuwa wakifanya zamu tatu kwenye mashine mbili, na zamu ya mwisho ikiisha saa nne usiku.

Zamu tatu kwa mashine mbili kwa siku sita ni nafasi 36 kwa wiki, wagonjwa 18 wa mara mbili. Mama huyu alikuwa wa ishirini na tatu. Akaandikwa kwenye kitabu cha wanaongoja mwenzao afe au ahame. Hakuna anayeliita hivyo, lakini nafasi haitoki kwingine.

Kisumu

B ilimpokea siku ya pili: Jumanne na Ijumaa, zamu ya saa sita mchana. Chumba kina televisheni, viti vinaegemea, na chai hutolewa kwa kiasi kinachopimwa. Maji ni ya mji, yanayotoka ziwani, na tabia yake ni nyingine kabisa. Mvua za Machi hadi Mei zikichafua maji, mtambo wa mji huongeza alamu, dawa yenye alumini ya kutuliza tope, na klorini ili mji usipate kipindupindu. Kwa mnywaji ni salama. Kwa chumba cha dayalisisi ni hatari mbili. Klorini ikipita mkaa uliochoka hupasua chembe nyekundu za damu ndani ya mwili. Mgonjwa huumwa kifua, na damu kwenye mipira inageuka kama juisi ya cheri. Alumini ikipita RO iliyochoka hujikusanya polepole kwenye mifupa na ubongo. Ndiyo maana klorini hupimwa kabla ya kila zamu, baada ya tangi la kwanza la mkaa, na isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Fundi wa B alikuwa akipima, na mkaa ulibadilishwa kabla haujachoka. Sababu ni wazi: B ikifunga siku moja, viti 12 kwa zamu tatu ni vipindi 36 ambavyo mwenye nyumba na mwenye mkopo hawavingojei.

Hapo ndipo wanaotetea sekta binafsi husimama na kupiga makofi. Wangoje kidogo.

SHA hulipa kwa kipindi. Hailipi kwa dakika, wala kwa kiasi cha uchafu kilichotoka kwenye damu. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine mashine lazima ioshwe kwa joto au dawa, kazi ya zaidi ya nusu saa. Ukitaka kuingiza zamu ya nne kwa siku, dakika zitatoka wapi? Zilitoka kwa mgonjwa. Vipindi vya B vikawa vya saa tatu na nusu. Nusu saa haionekani kubwa, lakini mara 104 ni saa 52, sawa na vipindi kamili 13 vilivyolipiwa na havikufanyika. Mgonjwa hakujua. Alichojua ni kwamba Jumatatu jioni hakuweza kuvaa viatu.

Nauli nayo. Luanda hadi Kisumu ni kama kilomita 30. Kwa shilingi 200 kwenda, yeye na msindikizaji wake, mara mbili kwa wiki, ni 1,600 kwa wiki, zaidi ya 83,000 kwa mwaka. Mchango wa bima ni 3,600. Wanaopanga huduma hawaihesabu nauli kwa kuwa haipiti kwenye vitabu vyao.

Halafu Februari 2025 ikafika. Chama cha hospitali binafsi, RUPHA, kikatangaza kwamba wanachama wake wanasitisha huduma za SHA na kudai pesa taslimu, kikitaja madeni makubwa yaliyoachwa na NHIF na malipo yasiyofika. B ikabandika karatasi mlangoni. Hatusemi B ilikuwa na roho mbaya. Vichujio, mipira ya damu, heparini ya kuzuia damu isigande na chupa za maji ya dawa hununuliwa kwa mkopo wa siku 30 au 60. Anayekulipa akichelewa miezi, unaendesha biashara kwa pesa ya muuzaji wako hadi achoke. Lakini mwenye B ana ruhusa ambayo A haina: kufunga mlango. Ibara ya 43 ya Katiba inasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haisemi nani atanunua kichujio.

Familia ililipa vipindi viwili kwa mchango wa chama cha wachuuzi wa soko. Cha tatu wakakosa. Ukiwa na vipindi viwili kwa wiki tayari kuna pengo la siku nne, Ijumaa hadi Jumanne. Ukikosa kimoja linakuwa siku saba. Siku ya sita mama alidhoofika miguu, mapigo ya moyo yakawa ya kusitasita. Nyumbani walikuwa wamempikia ndizi na maharagwe, wakidhani ni chakula cha kumrudishia nguvu. Vyote viwili vimejaa potasiamu. B haina chumba cha wagonjwa mahututi wala daktari wa usiku. Alipokelewa A saa saba usiku, akachomwa kalsiamu ili moyo utulie, akapewa insulini na glukosi, na mashine moja ikawashwa nje ya zamu. Kipindi kile kigumu kuliko vyote, chenye daktari, maabara ya usiku na muuguzi wa ziada, hulipwa kwa kiwango kilekile cha kipindi.

Kwa maneno mengine, B huchukua wagonjwa waliotulia na kuwaachia A wanapochafuka. Takwimu za B zinapendeza kwa sababu hiyo kwa kiasi fulani, na za A zinatisha kwa sababu hiyohiyo.

Upande ambao watetezi wa serikali hawapendi kuusikia

Migomo. Madaktari wa umma waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, wauguzi miezi mitano katika 2017, madaktari tena siku 56 katika 2024. Madai yao mengi yalikuwa ya haki, mengine yalikuwa mikataba iliyotiwa saini na kupuuzwa. Lakini figo haisomi mkataba. Wagonjwa wa dayalisisi wa umma katika nyakati kama hizo huokolewa na vituo binafsi na hospitali za misheni, zile ambazo katika magharibi zimekuwa zikibeba vijiji tangu kabla ya uhuru. Mfumo wenye mlango mmoja tu, hata ukiwa wa umma na wa bure, ukifungwa umefungwa kwa wote.

Pia kuna suala la pesa kufika na kupotelea njiani. Baada ya ugatuzi wa 2013, fedha zilizokusanywa na hospitali ziliingia kwenye mfuko mkuu wa mapato wa kaunti, na kurudi kwake kulitegemea hazina ya kaunti na msimu. A ilikuwa ikisafisha damu, bima ikalipa, na chumvi isinunuliwe. Sheria ya Oktoba 2023 kuhusu fedha za kuboresha vituo inaruhusu hospitali ya umma kubaki na mapato yake na kuyatumia. Ni sheria isiyo na makelele, ila kwa chumba cha dayalisisi ina maana kuliko hotuba zote za afya kwa wote. Tatizo ni kwamba kuwa na akaunti ni jambo moja, na kuwa na karani wa madai ni jingine. Alama ya kidole cha mgonjwa isiposomwa na kifaa cha bima, kibali kikiombwa baada ya kipindi badala ya kabla, au idadi ya vipindi kwenye dai isilingane na kitabu cha chumba, dai hurudishwa. B ina makarani wawili wa kazi hiyo pekee. A ilikuwa na muuguzi aliyejaza madai akimaliza zamu.

Tukiulizwa chumba hiki kiendeshwe na nani, jibu letu ni umma, kwa sababu ya usiku ule wa saa saba. Lazima kuwe na mlango usio na ruhusa ya kufungwa, na uwe na mashine za akiba zisizojaa zamu. Vipindi vya kawaida B aviuze, hatuoni dhambi, mradi SHA ilipe kwa dakika zilizoandikwa na mashine yenyewe, kwani mashine huziandika, na mradi mkataba wa B utaje hospitali itakayopokea mgonjwa wake akizidiwa na jinsi itakavyolipwa zaidi kwa kazi hiyo. Kwa A, chumvi, mkaa, utando na vichujio viwe kwenye fungu moja linalosainiwa ndani ya hospitali, na fundi wa maji awe na cheo cha kumwambia mganga mkuu "leo hatuwashi". Mpango wa 2015 ulileta mashine. Haukumleta mtu huyo.

Utando wa A ulibadilishwa hatimaye, baada ya malipo ya madai yaliyorundikana kuingia kwenye akaunti ya hospitali yenyewe. Mashine nne sasa zinazunguka. Ya tano inangoja pampu. Mama alirudi A, zamu ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, nauli ikapungua kwa zaidi ya nusu. Katheta imehama kutoka pajani hadi kifuani, na fistula, mshipa ulioandaliwa kwa sindano za mashine, imeshonwa mkononi. Itaachwa ikomae wiki sita au zaidi kabla ya kuchomwa sindano. Omena anauza bado. Kula ameambiwa apunguze, kwa ajili ya fosforasi iliyo kwenye miiba yake midogo, na sukuma wiki ichemshwe, maji yamwagwe, ichemshwe tena.

B hawakumfuta kwenye orodha yao, na familia haikuomba wamfute.

Kijana wake mkubwa huja na daftari. Huandika uzito kabla na baada, saa pampu ilipoanza, saa ilipozimwa, na kiwango cha klorini ambacho fundi amebandika ukutani asubuhi hiyo. Ijumaa iliyopita muuguzi alikuja kuzima zikiwa zimebaki dakika kumi, akaliona daftari, akatazama skrini, akaiacha izunguke.